Majivu ya Betri Kwenye Maharage

Kwetu Kivu ya Kusini, maharage ya mbegu hayakuhifadhiwa bila majivu. Mama yangu aliyachekecha majivu ya jikoni, akayachanganya na maharage kwenye mtungi, akafunika, na fukusi, wadudu wanaotoboa mbegu, hawakuingia mpaka mvua iliporudi. Tulipokimbilia Uganda kwenye vita vya mwaka 1996 hatukubeba mtungi, lakini desturi ilikuja nasi. Kambini Nakivale, kila nyumba ya Wakongo ilikuwa na gunia au ndoo ya maharage yenye rangi ya vumbi. Mgeni aliyeyaona alidhani yameharibika. Naanza na hili kwa sababu bila hilo mtu hataelewa jinsi nilivyomlisha binti yangu sumu kwa mikono yangu mwenyewe, huku nikijiona mume mwema.

Kazi yangu ilikuwa betri. Umeme wa waya haukufika kijiji chetu cha kambi, karibu na Kashojwa, kwa hiyo simu zilipoenea watu waliniletea asubuhi, nikazichaji kwa betri za gari zilizopata moto wake kutoka kwenye sola juu ya bati. Kila simu niliifunga karatasi yenye namba, na jioni kila mtu alichukua yake bila ugomvi. Betri ya gari haikuumbwa kwa kazi ile. Ukiitumia kila siku mpaka iishe kabisa, inakufa mapema. Zangu zilikufa, na za vinyozi, na za mabanda ya video, na za makanisa yenye vinanda na vipaza sauti. Nilizikusanya nyuma ya nyumba hadi zikafika kimo cha mbuzi.

Mjini Mbarara alikuwapo mnunuzi wa vyuma chakavu ambaye ndani ya betri alitaka kitu kimoja tu: risasi, yale madini laini ya kijivu yanayotumika kutengeneza sahani zake. Lakini madereva hawakukubali kupakia kitu kizito kinachovuja asidi. Basi nilifanya kama wengine walivyofanya. Asidi niliimwaga mtaroni. Sanduku nililipasua kwa panga. Sahani niliziyeyusha kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa, nikamimina kwenye makopo ya samaki, na zilipopoa nilikuwa na vipande safi vinavyong'aa. Juu ya sufuria ilibaki takataka ya kijivu, laini kama unga, nzito mkononi. Niliikwangua, nikaiita majivu, nikailundika kando ya jiko.

Niliona mambo mawili. Pale nilipomwaga asidi nyasi zilikauka na hazikuota tena. Na mchwa waliokuwa wakila nguzo za jiko waliuhama upande ule wenye lundo la majivu hayo. Jambo la kwanza sikulifikiria. La pili nilimwambia mke wangu.

"Angalia," nilisema. "Mchwa wamekimbia. Fukusi watathubutu?"

Aliyachota kidogo, akayasugua kati ya vidole. "Iko nzito. Ni majivu ya nini hii?"

"Ya jiko, mama. Majivu tu."

Msimu ule maharage yetu, ya kupanda na ya kula, hayakutobolewa hata moja. Wanawake wa kanisani walipopita kwetu walishangaa. "Mbegu yako iko nzima ginsi gani? Yetu fukusi wamekula yote!" Mke wangu akawagawia majivu kwa vikopo, kila mmoja na chake, nami nilisimama mlangoni nikitabasamu kama mtu aliyevumbua dawa.

Binti yetu alikuwa na miaka minne. Alipenda kazi ya kuchanganya. Alizamisha mikono ndani ya beseni mpaka viwiko, akayasikiliza maharage yakiteleza, na siku moja alinijia akilamba vidole.

"Papa, majivu yako iko na sukari."

Tulicheka. "Acha kulamba, weye kambuzi!" mama yake alimwambia, akampangusa mdomo kwa ncha ya kitenge.

Mwaka huo redio ilisema wanafunzi wa chuo kikuu huko Kampala wameunda gari linalotembea kwa betri. Nilipopeleka risasi Mbarara, mnunuzi alinipokea na habari hiyo kabla hajagusa mzigo. Alikuwa Mnyankore mwenye tumbo na maneno mengi, na Kiswahili chake alikuwa amejifunza kwa wanajeshi.

"Mkongo! Umesikia gari ya betri? Hapana petroli, hapana moshi. Watu ya Kampala itapumua muzuri!"

"Nimesikia, ssebo," nilimjibu kwa neno lao la heshima. "Na ile betri ikikufa?"

"Ikikufa inakuja kwako!" Alipiga paja akicheka. "Wewe utakuwa mukubwa. Mimi nitakufungulia mulango ya gari."

Mfanyakazi wake mmoja, aliyekuwa akipakia mabati, alisema kwamba betri za magari hayo mapya hazina risasi, zina madini mengine, na sehemu yake hutoka Kongo.

"Basi mimi nilikimbia mapema," nilisema, na sote tukacheka tena.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kweli. Moshi wa malori ya Mbarara niliuchukia. Nilifikiri dunia inaelekea upande wa kazi yangu. Hakuna aliyeniambia betri iliyokufa inakwenda wapi. Nami, ambaye nilikuwa mmoja wa mahali zinapokwenda, sikujiuliza.

Ugonjwa ulianza na tumbo. Mtoto alilala chali asubuhi, magoti yamekunjwa, akikataa uji. Kliniki ya kambi ilimpa dawa ya minyoo. Kisha akakosa choo siku nyingi, akatapika, akapauka viganja. Walimpima malaria, wakampa dawa ya malaria. Wiki iliyofuata wakampa tena. Mimi niliandika kila kitu kwenye karatasi, kama nilivyoziandikia simu namba: siku gani alikula, siku gani alitapika, dawa ipi na saa ngapi. Katika maandishi yangu yote hakuna mahali nilipoandika neno maharage, ingawa ndiyo tuliyomlazimisha kula, tukisema yatampa damu.

Halafu akaanza kusahau. Alijua nyimbo sita za watoto wa kanisani. Zikawa tatu, zikawa vipande. Jirani mmoja alimwambia mke wangu kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu anamwonea mtoto wivu. Mchungaji alikuja na wazee wakamwekea mikono. Jumapili moja, tukitoka ibadani, alianguka njiani, macho yakageuka, miguu ikapiga vumbi. Mke wangu alimkumbatia akipiga kelele, "Mutoto wangu! Anakufa! Munisaidie!" na watu waliotoka kanisani wamevaa vizuri wakasimama tu duara, mikono mitupu.

Gari la wagonjwa la kambi lilitupeleka Mbarara siku hiyohiyo. Tulipita Isingiro mchana kweupe, ng'ombe wakivuka barabara polepole na dereva akipiga honi bure, nami nilishika kichwa cha mtoto na kuhesabu pumzi zake.

Daktari wa wodi alikuwa kijana. Alimpima, akasoma karatasi zangu zote, moja baada ya nyingine. Nilikuwa sijaona mtu akizisoma.

"Wewe nafanya kazi gani?" aliniuliza.

"Betri, daktari. Nachaji simu. Zilizokufa nayeyusha."

"Nayeyusha wapi?"

"Nyumbani. Nyuma ya jiko."

"Fungua mdomo."

"Mimi? Mgonjwa ni huyu."

"Wewe, mzee. Fungua."

Aliinua mdomo wangu kwa kijiti, kisha akanipeleka kwenye kioo kilichokuwa juu ya sinki. Pembeni mwa meno yangu ufizi ulikuwa na mstari wa bluu nyeusi, mwembamba, kama mtu ameuchora kwa kalamu. Nilikuwa nikinyoa ndevu mbele ya kioo kila wiki na sikuwahi kuuona.

"Hii ni risasi," alisema. "Imeingia kwa damu yako. Lakini wewe ni mtu mzima. Huyu ubongo yake bado inajengwa. Yeye anaweka nini kwa mdomo?"

Nilikumbuka vidole vyake na neno sukari. Kisha nikakumbuka gunia.

"Daktari," nilisema, "majivu yake tunayala."

Aliweka kalamu chini. Nilimweleza habari za fukusi, na vikopo, na wanawake wa kanisani. Hakunigombeza. Nadhani angenigombeza ningepata nafuu kidogo. Alisema iko dawa ya kuvuta risasi kutoka mwilini, ila hospitali hiyo haina, na Kampala hana hakika. Kwa sasa wangetuliza degedege na kumpa maji. Dawa iliyobaki ilikuwa kuacha: kazi, majivu, chakula kile. Nisiyachome, kwa kuwa moshi wake ni mbaya vilevile.

"Nitupe wapi?"

"Mbali na watu. Mbali na maji."

Alisema hivyo akiangalia dirishani. Nakivale watu wako kila mahali, na pale wasipokuwapo kuna ziwa wanalokunywa.

Nilimwacha mke wangu wodini, nikarudi kambini na orodha aliyonitajia ya waliogawiwa majivu. Nyumba tisa. Katika nyumba ya kwanza nilikuta maharage jikoni yanachemka.

"Mama, muyamwage. Yale majivu ni sumu. Ndiyo imemuangusha mtoto wangu."

Mwanamke huyo aliendelea kukoroga. "Weye mwenyewe ulitupatia."

"Mimi mwenyewe, ndiyo."

"Sasa umeona yetu yako mazuri, unataka tutupe? Tukule nini, baba? Tukule pole yako?"

Mumewe alitoka akasema ni wachawi, si majivu, na kwamba kwao wote ni wazima. Aliwaita watoto wake watatu, akawapanga mbele yangu kama askari. "Angalia! Iko mugonjwa hapa?" Nilimwangalia yule mdogo. Viganja vyake vilikuwa vimepauka. Nilisema hivyo, na wakanifukuza.

Nyumba nyingine walimwaga bila neno, na hilo lilinitisha zaidi kuliko matusi. Wengine walikuwa wameshapanda. Mmoja alikuwa ameuza yake sokoni Isingiro wiki iliyopita, kwa watu asiowajua. Hayo sikuweza kuyafuata.

Wa mwisho alikuwa bibi mjane aliyelea wajukuu wawili. Nilipomaliza kueleza, alivuta gunia lake hadi katikati ya nyumba na kulikalia.

"Mvua iko hapa, mwanangu. Nipande nini? Mawe?"

"Bibi, mjukuu wako analalamika tumbo?"

"Watoto wote ya kambi wanalalamika tumbo."

"Nakuomba."

"Leta ingine kwanza, njo nitasimama."

Nilikwenda nyumbani nikabeba mahindi yetu ya mgao na debe la mbegu ya mtama, vyote tulivyokuwa navyo, nikaviweka miguuni pake. Alivitazama, akaangalia uso wangu, na akasimama. "Kumbe ni kweli," alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Nilichimba shimo mwisho wa kiwanja chetu. Ardhi yetu ni nyembamba. Ukifika magotini jembe linagonga mwamba. Nilitandika turubai, nikamwaga humo majivu yote na maharage ya nyumba zilizokubali, nikafukia na kukanyaga. Sufuria na makopo vilikwenda humo pia. Betri nzima zilizobaki sikuzigusa. Nilimwomba mnunuzi wa Mbarara azifuate mwenyewe, akacheka kwenye simu akifikiri natania. Nilipomweleza habari za mtoto aliniuliza kama mke wake, anayepikia uani panapolundikwa vyuma, naye yuko hatarini. Nilimwambia kwanza yeye mwenyewe afungue mdomo mbele ya kioo.

Binti yetu alirudi nyumbani akitembea. Degedege lilikoma. Watu walisema Mungu ametenda, na wale walionifukuza walituletea ndizi. Mke wangu hakunilaumu hata siku moja, lakini majivu ya aina yoyote hakuyaleta tena ndani, na mbegu chache tulizopewa msimu uliofuata ziliishia kwa fukusi.

Mvua zilinyesha sana mwezi ule mtoto aliporudi. Asubuhi moja nilitoka nikakuta mwisho wa kiwanja kumekuwa kijani. Udongo ulikuwa umesombwa, na maharage ya juu yalikuwa yamechipua kwa mamia, yamesongamana, yenye majani mapana na laini, mazuri kuliko shamba lolote la jirani. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na vikapu walikwisha kuinama. Kwetu majani machanga ya maharage ni mboga.

"Muache!" nilipiga kelele. "Muache, ni sumu!"

"Baba, hizi zote unatupa? Sisi tunaomba tu kidogo."

Niliwanyang'anya kile walichokuwa nacho mkononi. Mmoja alisonya, akasema vita vimenitoa akili, na wakaenda zao. Nilipiga magoti kwenye matope, nikaanza kung'oa na kutia ndani ya ndoo, ingawa sikujua ndoo ikijaa nitaipeleka wapi.

Binti yangu alikuja akasimama kwenye kizingiti. Nilimkataza asisogee.

"Papa, kwa nini unang'oa?"

"Ni mabaya, mama. Hayaliwi."

Aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Alimtazama kuku akipita, akageuka tena kwangu.

"Papa, kwa nini unang'oa?"

Nilimjibu kwa maneno yaleyale na kwa sauti ileile, ili asijue kwamba ameshauliza. Aliuliza mara ya tatu, na mara ya nne. Nilijibu kila mara, kichwa kikiwa chini, nikiendelea kung'oa, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza tena na mengine yalikuwa yakitokeza.