Samaki Asiye na Kamba

Shangazi yangu alichora samaki mia mbili na ushee kabla hajamwona hata mmoja akiwa hai. Ukiingia kwenye ile klabu ya wavuvi wa kujiburudisha, ukingoni mwa maji, unawakuta wote ukutani, kuanzia mlangoni hadi kaunta ya vinywaji: sulisuli, jodari, nguru, wamekatwa kwa plaiwudi na kupakwa rangi, chini ya kila mmoja jina la mwanachama aliyemvua. Mimi nilikuwa mpishi wa klabu hiyo. Wageni wakisimama kuwashangaa wale samaki, nilitoka jikoni makusudi, sahani mkononi, ili niseme, "Huyo kachorwa na shangazi yangu." Nilikuwa naringa, sikatai.

Utaratibu wao ulikuwa huu. Samaki mkubwa haliwi. Anavutwa hadi ubavuni mwa boti, anapimwa kwa kamba ya nailoni kutoka ncha ya mdomo hadi panda ya mkia, kamba inakatwa hapo hapo, na samaki anaachiwa aende zake. Mvuvi anarudi na kamba tu. Anaipeleka kwa Shangazi, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya injini, anakaa kwenye benchi, na Shangazi anamwambia, "Anza na mgongo." Basi mtu huyo, awe hakimu au mwenye viwanda, anasimulia mgongo ulivyokuwa, kisha ubavu, kisha tumbo, Shangazi kafumba macho, brashi mkononi, anamsikiliza hadi mwisho. Saa nyingine nilimpelekea chai nikakuta wote wawili wamefumba macho, chumba kimejaa harufu ya tapentaini, na mimi mwenyewe nikasahau nilichofuata.

Ile kamba aliitundika msumarini hadi kesho yake, maana nailoni ikilowa hurefuka, na wanachama walilijua hilo vizuri sana. Kila samaki aliamka kapungua vidole viwili. Waliobisha aliwajibu, "Kamba imeshakauka, bosi. Tunakusubiri wewe."

Bila kamba, hakuna samaki wa ukutani. Hakuna aliyeijua vizuri sheria hiyo kuliko Daktari wa Meno. Miaka kumi na moja ya uanachama, boti yake mwenyewe, na ukutani hana hata dagaa. Wenzake walimwita Mkono Mtupu mbele ya uso wake, naye akacheka pamoja nao. Lakini kila msimu alikuja kukaa kwenye benchi lile kumsimulia Shangazi samaki waliomponyoka, na Shangazi alimsikiliza vile vile, japo hapakuwa na cha kuchora. Nikamuuliza siku moja anapata faida gani.

"Wenzake wananisimulia ukubwa," akasema. "Yeye ananisimulia rangi."

Mwaka ule Shangazi akaanza kugonga fremu za milango. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho: la kulia limeshakwenda, la kushoto lina miezi michache, na kilichopotea hakirudi. Aliniambia habari hiyo jikoni nikiwa namenya vitunguu. Nadhani alichagua wakati ule makusudi, ili nikilia nipate kisingizio.

"Giza siliogopi, mwanangu," akasema. "Ninachoogopa ni kwamba nimewadanganya watu miaka thelathini. Wananiambia buluu, napaka buluu. Buluu gani? Nataka nimwone mmoja tu, mzima, nijue."

Tatizo lilikuwa sheria nyingine: mfanyakazi hapandi boti ya mwanachama. Nilimfuata mwenyekiti na chai yake nikamweleza yote. Alikoroga ile chai muda mrefu.

"Nikimruhusu yeye," akasema, "kesho na nyinyi wapishi mtataka kwenda kuogelea."

Nilitamani kummwagia. Sikummwagia, ila wiki nzima alikula wali wenye chumvi kupita kiasi.

Habari zilimfikia Daktari wa Meno akiwa kwenye benchi, kutoka kwa Shangazi mwenyewe. Jumanne alfajiri akagonga mlango wa nyuma wa jikoni, kofia mkononi.

"Fundi yuko? Mwambie twende. Na wewe vua hiyo aproni, utamshika asije akateleza."

"Daktari, watakufungia msimu mzima!" Shangazi alisema kutoka ndani.

"Wanifungie nini, Fundi? Kwani nimewahi kupata nini?"

Tukaenda wanne, pamoja na nahodha wake. Bahari ilikuwa imelala kabisa, kijivu chini na kijivu juu, na sikuweza kuona zinapokutana. Shangazi alikaa kwenye kreti ubavuni mwa boti, kamba imekunjwa mapajani. Daktari alikuwa amemwambia kwamba samaki akija, atakayempima ni yeye. Injini iliunguruma polepole, mshipi ukitufuata nyuma. Nilipotazama saa yangu nikaona zimepita saa tatu na nusu tangu tutoke, na sikukumbuka dakika hata moja.

Kisha fimbo ya kuvulia ikapinda na mshipi ukaanza kulia.

Alikuwa sulisuli. Aliruka mbali, akaruka tena, halafu akazama, na Daktari akavutana naye karibu saa nzima, jasho linamwingia machoni. Sijawahi kumwombea mtu kama nilivyomwombea yule. Hatimaye nahodha akainama na glavu yake akamkamata mdomo mrefu.

"Kamba, mama!" akapiga kelele. "Kamba!"

Samaki alilala ubavuni mwa boti, umbali wa mkono. Na hapo akawaka. Sina neno jingine. Rangi zilitoka ndani yake zikapanda hadi kwenye ngozi, zikapita, zikaja nyingine. Shangazi aliinama hadi ncha za kitambaa chake cha kichwa zikagusa maji, akaweka kiganja chake mgongoni mwa samaki, na uso wake wote ukamwelekea. Kamba ikateleza kutoka mapajani mwake ikaanguka baharini. Niliiona ikienda. Ningeweza kuidaka, lakini na mimi nilikuwa natazama.

"Siwezi kumshika zaidi, bosi, atakufa!" nahodha akasema.

Daktari alifuta jasho machoni.

"Mwachie," akasema.

Samaki alikaa kidogo juu ya maji, kisha hakuwepo. Ndipo Shangazi akapapasa mapaja yake. Mtu aliyewarudisha mahakimu kwa sababu ya vidole viwili alikuwa amesahau kupima.

"Daktari," akasema, akaanza kulia. "Kamba. Samaki wako!"

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Basi."

Mwenyekiti alikuwa anatusubiri gatini. Aliuliza kamba iko wapi, na kamba haikuwepo. Daktari akafungiwa msimu mzima, na ukutani akabaki hana hata dagaa. Shangazi alijaribu kumchora yule samaki mara nne, mara zote akamfuta, akisema rangi ile haimo mkebeni. Kabla ya mwaka kuisha, jicho la kushoto nalo likafuata. Siku alipoacha kazi niliomba lile benchi, nikalibeba hadi nyumbani kwake.

Jumapili moja alasiri Daktari wa Meno alikuja kumjulia hali. Alikaa kwenye benchi, akanywa chai yangu, akazungumzia mvua, akazungumzia meno ya watu, hadi mazungumzo yakamwishia.

"Fundi," akasema, "nikwambie ukweli. Yule samaki wangu mimi sikumwona. Jua lilikuwa usoni, jasho machoni. Na nilipopata nafasi ya kutazama, nilikutazama wewe."

Shangazi aligeuza uso kuelekea ilikotoka sauti. Mikono yake ilikuwa imeanza kutafuta brashi mezani, kwa mazoea.

Daktari alivua miwani yake, akaitia mfukoni, akafumba macho.

"Anza na mgongo," akasema.