Nilimwita Baba Ndege Ikianguka

Sijui nianzie wapi, ila kosa ni langu na sitaki kuhurumiwa. Adabu yangu ilimvunja mtu mgongo.

Mimi ni binti wa Nyakitonto, Kasulu. Nilikuwa rubani msaidizi kwenye kampuni ndogo ya ndege za kukodi, tukiwapeleka wafanyakazi wa misaada Kibondo. Kapteni wangu, nitamwita Gervas, ni rika la baba yangu na wanasali kanisa moja. Mtu kama huyo utamwitaje kama si Baba?

Mwenyewe alinikataza. Siku ya kwanza tu alinieleza kwamba ndani ya ndege yeye hana umri. "Ukiona mambo yanaharibika, niite Gervas, useme 'ongeza nguvu.' Nitaongeza kwanza, nitakuuliza baadaye." Nikacheka. Nani kwetu anamwita mzee jina kavukavu? Nikaendelea na Baba yangu, mpaka akachoka kunisahihisha.

Tena kazi yenyewe ilikuwa imetulegeza. Ule mtambo unaoendesha ndege wenyewe ulipanda, ukakata kona, ukashuka, sisi tunapiga stori za mihogo na harusi. Mikono ililala, jamani!

Siku ya ajali ilikuwa kiangazi, watu wanachoma mashamba, Kibondo yote moshi. Kapteni alipunguza nguvu za injini ili tushuke. Tulipofika kimo tulichokipanga, mtambo ukakishikilia. Lakini kwenye ndege ile mtambo haugusi injini, hiyo ni kazi ya rubani, naye alikuwa amekaza macho nje akitafuta kiwanja. Injini zikabaki chini, mtambo ukawa unainua pua ili tusishuke, na mwendo unazidi kuliwa.

Niliona. Mungu wangu, niliona! Nikajiambia mzee ameona kabla yangu, na mtambo hauwezi kutuacha. Mwendo ukaendelea kuanguka. Nikakohoa.

"Baba, samahani, naona kama mwendo umepungua kidogo."

"Mtambo umeshika, mwana wanje," alisema bila kugeuka, yaani mwanangu kwa Kiha chetu. "Nitafutie kiwanja."

Vishikio vya nguvu za injini vilikuwa kando ya goti langu, ningeweza kuvisukuma mwenyewe. Nikaurudisha mkono mapajani, eti nisimwingilie mkubwa kazini mwake. Mjinga mimi!

Usukani ukatetemeka, king'ora kikalia, mtambo ukaachia. Kapteni alisukuma nguvu zote, lakini ndege ilikuwa imeshaanza kuporomoka na ardhi ilikuwa karibu. Tuliangukia shamba la mihogo, kabla ya kiwanja. Abiria walitoka na majeraha, wakapona. Gervas hajasimama tena.

Nyumbani walinisifu, eti nimemheshimu mkubwa hadi dakika ya mwisho. Sifa zile zilinichoma! Na wachunguzi waliponihoji, nilisema nilimwonya. Wakaandika hivyo, lawama yote ikamwangukia yeye.

Nilimfuata hospitali ya Kabanga alikolazwa, nikidhani atanifukuza. Aliniuliza tu kwa nini sikumwonya. Nikamjibu kwamba nilimwonya. Alinitazama sana.

"Hukunionya, mwanangu. Ulinisalimia."

Nililia pale kitandani kwake kama mtoto. Wachunguzi nimeshawarudia nikawaeleza ukweli wote, na ndege sirushi tena. Lakini hilo halikumrudishia mgongo wake.

Wewe unayefanya kazi na mkubwa wako, iwe angani, iwe kwenye lori la mizigo, nakusihi: usidhani ameona. Usidhani mashine imeona. Mkatize! Akikasirika, utamwomba radhi mkiwa chini salama.

Jumapili nikitoka kanisani napita kwao. Siku hizi namwita Gervas, naye anacheka. Mkewe hapendi, anasema nimekosa adabu. Ningeikosa siku ile, leo mumewe angenifungulia mlango mwenyewe.