Swali linalofunga milango Manika

Saa mbili asubuhi. Vumbi la malori ya shaba bado halijatua, na Adolphine Ntambwe anabisha lango la bati katika mtaa wa Manika, mjini Kolwezi. Kisha anarudi nyuma. Siku hizi hasimami karibu na lango.

"Ni nani?"

"Niko wa sondage, mama. Ya ile kura."

Ndani, komeo linasukumwa, na lango halifunguliwi.

Adolphine ni mdadisi: hufanya sondage, yaani hukusanya maoni ya watu mlango kwa mlango, kabla ya kura itakayoamua kama Katanga iwe nchi huru au ibaki Kongo. Zamani aliwauliza watu kuhusu sabuni, kwa dola kumi kwa siku, na wengi walimkaribisha kiti. Malipo ni yale yale. Sasa anauliza "ndiyo au hapana", na milango inafungwa kabla hajamaliza.

Marehemu baba yake, fundi wa reli, alitoka Kasai, na jina la Ntambwe halifichi hilo. Miaka ya tisini, watu wa Kasai walipofukuzwa hapa, Adolphine alikuwa mtoto mdogo aliyelala stesheni na wazazi wake, wakingoja treni. Miaka ilipopita, wakarudi.

Wiki iliyopita, huko Kasulo, mtaa mwingine wa mji huu, vijana wachimbaji walimzunguka. Mmoja akampokonya simu anayojazia majibu.

"Jina yako njo nani?"

"Nilijua nikilitaja, nimekwisha," Adolphine anasimulia.

Ndipo akatoka Mama Simone Kisimba, muuza makaa, ambaye muda mfupi kabla alikuwa amemfungia mlango.

"Mumuache! Huyu mama ni mugeni yangu. Murudishe telefone yake!"

Vijana waliirudisha, wakaondoka wakinung'unika. Mama Simone alimketisha uani, akampa maji, akangoja hadi akayamaliza.

"Sasa uliza swali yako."

Akauliza.

"Mi nasema ndiyo," Mama Simone alijibu. "Shaba inatoka hapa, batoto yetu banalala na njala."

Adolphine akabonyeza ndiyo. Machozi yakamtoka.

"Unalilia nini?"

"Mama, baba yangu alikuwa mutu wa Kasai. Ndiyo ikipita, mi nitaenda wapi?"

Mama Simone akamtazama, mikono yake yenye masizi imetulia mapajani.

"Ile haiko mu swali," akasema polepole. Lakini hakubadilisha jibu.

Tangu siku hiyo Adolphine hali chakula vizuri. Mume wake, René, anataka wahame na watoto wao watatu kabla ya kura. Yeye amekataa.

"Nilizalikiwa hapa. Nitapanga mustari sawa bengine, nitapiga kura."

Kabla ya siku ya kura, ana safari moja anayoipanga: kurudi Kasulo Jumapili baada ya misa, simu akiiacha nyumbani.

"Mama Simone aliniokoa, na anataka kile chenye naogopa. Nataka tukae, tusemezane. Nimusikie bila kuandika."