Matanga ya Mtu Hai

Watu wa kwetu magharibi hawaimbi nyimbo za matanga bila maiti. Nilijua hivyo tangu utotoni. Lakini mwaka ule nilikuwa chuo kikuu, nikisomea shahada ya pili ya muziki, na utafiti wangu ulihusu nyimbo hizo hizo. Mtu akishasoma sana huanza kudhani miiko ni ya wasiosoma.

Baba, dereva wa treni, alikuwa safarini kwenda Kisumu. Mama alikuwa sokoni. Nikabaki peke yangu katika nyumba yetu ya reli karibu na Makadara, mimi na kinasa sauti cha chuo. Kulikuwa na noti moja ya wimbo iliyonishinda kuandika. Kila nikirudisha kanda ilinitoroka. Nikaona afadhali niiimbe mwenyewe. Nikafumba macho, nikaomboleza kwa sauti ya mjane, nikarudia, nikarudia tena, kila mara juu zaidi. Niliipata, na nikafurahi, mjinga mimi.

Nilipoinama kuiandika, nikasikia mtu akilia nje. Kisha wa pili. Nikafungua mlango. Majirani, wake za wafanyakazi wenzake baba, walikuwa wamejifunga leso viunoni. Mmoja ameleta sukari na majani ya chai, wengine wanatandika mkeka. Jirani wa nyumba ya pili akanikumbatia.

"Woi, mtoto wangu! Treni imeangukia wapi?"

Kabla sijafungua kinywa, mama akatokea na kikapu chake. Aliwaona wale wanawake, akauona mkeka. Aliketi chini pale pale njiani, nyanya zikabingirika mpaka mtaroni, akaanza kumwita baba.

"Mama, hakuna aliyekufa," nikasema. "Ni masomo tu."

Kilio kikakatika. Hakuna aliyenitukana; heri wangenitukana. Walimwinua mama, wakamkung'uta vumbi, wakakunja mkeka wao wakaenda bila kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mpaka leo nikikumbuka, uso hunichoma kwa aibu.

Kesho yake baba alirudi mzima, akahadithiwa, akacheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Alimwekea maji ya kuoga, kisha akanifuata jikoni.

"Siku yake ikifika kweli," akasema, "wewe utamlilia na nini? Kilio chake umekimaliza kwa masomo."