Jicho la Kushoto la Binti Yangu

Binti yetu alikuwa na wiki mbili mke wangu alipoona alama nyekundu kwenye kope lake la kushoto. Nilimwambia ni mbu. Kufikia mwezi wa pili alama ilikuwa imevimba kama nyanya ndogo, na kope halikufunguka tena.

Tulimpeleka zahanati. Nesi, mama wa makamo, aliibonyeza kwa kidole.

"Hii ni mishipa ya damu imejikusanya," alisema. "Nyingi hupotea zenyewe mtoto akikua. Lakini hii imefunika jicho, baba. Mpelekeni kwa daktari, msikae."

Mimi nilirudi nyumbani na ile sehemu ya kwanza tu. Kila mke wangu alipouliza tutaenda lini hospitali, nilimjibu, "Si nesi alisema inapotea?" Majani ya chai yalikuwa yamekomaa na wachumaji hawakupatikana, lakini hiyo haikuwa sababu. Sababu ni kwamba niliona aibu kukaa na mtoto kwenye benchi mbele ya watu. Mama yangu alikuwa ameshasema, mke wangu akisikia, "Kwetu hakujawahi kuzaliwa mtoto wa namna hii." Sikumjibu. Siku ya kumweka mtoto wakfu kanisani niliiahirisha mara mbili. Mke wangu alizoea kumshushia kofia hadi kwenye nyusi.

Mtoto alipokuwa na miezi mitano, nilirudi kutoka kituo cha kuuza majani nikakuta mke wangu amempakata mlangoni.

"Kaa hapa," aliniambia.

Alikipandisha kile kivimbe taratibu kwa kidole, jicho la kushoto likawa wazi. Kisha akafunika lile zima kwa kiganja. Mtoto alilia akawa anausukuma mkono. Mke wangu akaondoa kiganja, mtoto akanyamaza. Alifanya hivyo mara tatu.

"Umeona?" aliuliza.

"Nimeona."

Kesho yake tulikuwa hospitali ya Kaplong, na wiki hiyohiyo tukapewa rufaa kwa daktari wa macho ya watoto. Alikuwa msichana mdogo kuliko mke wangu. Alituambia atampa dawa ya presha, ile wanayokunywa wazee, kwa sababu hupunguza uvimbe kama huo. Nilidhani amekosea mtoto.

"Imeanza lini kufunika jicho?" akauliza.

Mke wangu alinigeukia. Aliniachia mimi.

"Miezi mitatu," nikasema.

Aliandika. Kisha akatueleza, bila ukali, kwamba jicho lenyewe halina ugonjwa, ila ubongo hujifunza kuona katika miezi hiyo, na wa binti yetu ulikuwa umejifunza na jicho moja.

Walitulaza ili wampime mapigo ya moyo na sukari kila baada ya dozi. Nyumbani, mke wangu hakumpa dawa kabla hajanyonya. Siku za homa alipokataa titi, dozi iliachwa, kama tulivyofundishwa. Kivimbe kilianza kufifia ndani ya wiki chache. Kabla hajatimiza mwaka kope lilikuwa limefunguka. Majirani walikuja kumshukuru Mungu, na mama yangu akaomba kwa sauti kuliko wote.

Sisi tulikuwa tunafunika lile jicho zima la kulia kwa plasta, saa kadhaa kila siku, ili lile jingine lilazimike kufanya kazi. Alijigonga kwenye meza. Alikaa sakafuni akaogopa kutambaa. Tulifanya hivyo kwa miaka minne. Jicho la kushoto linaona mwanga, na mkono ukipita karibu. Basi.

Sasa yuko shule. Kwenye kope kumebaki ngozi iliyolegea kidogo, huwezi kuiona usipoonyeshwa. Juzi, akifanya homuwaki, aliniuliza akiligusa jicho la kushoto, "Baba, nilizaliwa nikiwa sioni huku?"

"Ndiyo," nilimwambia.

Mke wangu alikuwa anakoroga ugali. Aliendelea kukoroga.