Sufuria ya Mpishi wa Kambini

Kila msimu wa kuwinda kulungu unapofunguliwa kule Wisconsin, Marekani, bunduki zikiingia kwenye kibanda cha Verna, mwenye kambi ya wawindaji, mpishi wa kambi hutoka. Miaka kumi na tisa sasa, tangu amalize kifungo chake. Sheria ilimkataza mfungwa wa zamani kama yeye hata kuigusa bunduki, naye hakutaka kukaa nayo chumba kimoja. Hutia mikono mifukoni akasimama kwenye theluji akipiga mluzi, mpaka Verna azifungie zote kabatini, ndipo arudi kwenye vitunguu vyake. Wenzake wakienda msituni, yeye huingia vichakani na sufuria tupu na mwiko, akigonga ili kulungu wakimbilie upande wa wawindaji. "Mzee, kelele zako zinaua kuliko risasi zetu!" Delmar, kijana miongoni mwa wawindaji, humtania. Naye hucheka tu.

Jumamosi hii aliingia na karatasi ya msamaha wa gavana ndani ya mfuko wa plastiki, akamwekea Verna mezani. Verna aliisoma mara mbili: haki yake ya kushika bunduki imerudishwa. Akafungua kabati, akatoa bunduki ya marehemu baba yake mpishi, aliyomtunzia miaka yote hiyo. Mpishi alifuta mikono kwenye aproni, mbele, nyuma, kisha mbele tena. Akaipokea, akahakikisha haina risasi, akashusha pumzi ndefu hadi mabega yakalegea. Halafu akamgeukia Delmar, akamkabidhi sufuria na mwiko.

"Shika, bwana mdogo. Leo kelele ni zako."