Ikiuliza, Semeni Ndiyo

Kazini tulimwita Mkalimani, na jina lake halisi wengi wetu hatukulijua. Kiwanda chetu kilichapa vitabu vya shule, na kila idara ilikuwa na kompyuta za aina yake. Wachoraji walitaka Mac, na ukiwagusia habari ya kubadilisha walinuna wiki nzima. Wahasibu hawakujua kitu zaidi ya Windows. Seva, ile kompyuta kubwa iliyowatunzia wote kazi zao, ilikuwa ya Linux, nayo ilikaa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mafagio, nyuma ya meza yangu ya mapokezi. Mashine hizi zilikuwa haziivi chungu kimoja. Yeye ndiye aliyezipatanisha, asubuhi hadi jioni, shati limechomekwa vizuri na macho mekundu.

"Dada, leo Mac haziioni printa," alikuwa akiniambia akipita. "Jana ziliiona. Sijui wamekosana nini."

Tulimchosha mno. Kompyuta ikitoa swali dogo tu, kama iendelee au isiendelee, mtu alipiga simu. Mkalimani aliacha sahani yake ya chakula, akapanda ngazi, kumbe ni kubonyeza mara moja. Siku moja uvumilivu ulimwishia, akasimama katikati ya ofisi.

"Jamani, ikiuliza, semeni ndiyo. Mniache nipumue!"

Tukalishika neno hilo, na kweli akapumua.

Kilichomnyima usingizi ni seva. Ilikuwa imezeeka, na yeye mwenyewe alikuwa amewakataza watu kuweka kazi kwenye mashine zao. Nakala pekee ya akiba ya kila kitabu tulichowahi kuchapa ilikuwa kwenye diski moja ndogo ya nje, kabatini kwa bosi. Ikipotea hiyo, kiwanda kimepotea, na yeye wa kwanza. Aliomba diski ya pili mpaka koo likamkauka.

"Si ipo moja?" bosi alimjibu mbele yetu. "Wewe na diski kama mtu anayetafuta mke wa pili!"

Tulicheka, mimi pia. Bosi yule simpendi mpaka leo, na sioni haya kusema.

Seva ilizimika, isiwake tena, asubuhi ambayo Mkalimani alikuwa amempeleka mama yake hospitali kusafishwa damu. Simu yake ilikuwa imefungwa, maana ndani ya wodi hawaruhusu. Bosi alikuwa na mteja aliyekuja kutaka kitabu chake kichapwe tena, naye hakutaka kuaibika. Akaitoa diski kabatini, akampa mhasibu wetu, mama mtu mzima asiye na hila hata chembe.

"Hebu nitolee hicho kitabu, haraka."

Diski ilikuwa imetayarishwa kwa mtindo wa seva. Kompyuta ya mhasibu haikuielewa hata kidogo, ikauliza kama iiandae upya ipate kutumika. Mama wa watu akabonyeza ndiyo. Alipoiona tupu, akadhani sasa inangoja kujazwa, akamwaga humo mafaili yake yote ya mahesabu ili nayo yasalimike.

Mkalimani alifika mchana. Mhasibu akamsimulia yote, hatua kwa hatua, kwa kujivunia kidogo. Mkalimani akavuta kiti, akakaa, akaishika diski kwa mikono miwili.

"Nilifanya vile ulivyotufundisha, mwanangu," mhasibu akasema, sasa kujivunia kumemwisha.

"Ndiyo, mama. Hukukosea."

Baada ya hapo alishinda ndani ya ile stoo akivua kilichobaki kwenye diski. Aliambulia majalada yasiyo na vitabu, kurasa za hesabu zilizoingiliana na za sayansi, na picha ya tembo asiye na kichwa. Wachoraji waliacha kumsalimia. Niliona huruma mpaka nikakasirika, ila hasira yangu haikumrudishia hata ukurasa mmoja.

Bosi alituita wote.

"Nani aliwafundisha huu upuuzi wa kubonyeza ndiyo?"

Mhasibu akaanza kulia. Mkalimani akanyoosha mkono kama mwanafunzi, na kazi yake ikaishia pale.

Mafundi wengine waliletwa, na kompyuta za aina moja kwa kila mtu. Siku Mkalimani alipokuja kurudisha ufunguo wa stoo, fundi mmoja alikuwa ameniachia kazi yake nusu kwenye mashine yangu akaenda kunywa chai. Swali lilikuwa limesimama kwenye skrini. Kwa mazoea nikamgeuzia.

"Mkalimani, inauliza nini hii?"

Akainama, akasoma polepole mpaka mwisho.

"Inauliza kama inifute mimi. Jina langu, na ruhusa zangu zote."

"Sasa nibonyeze nini?"

Akaweka ufunguo mezani.

"Si nilishawaambia, dada? Ikiuliza, semeni ndiyo."